Karaoke na Ala Tupu

Neno karaoke limekwisha kuwa mwenyeji katika mtaa wa Fedha, huko Embakasi, mashariki ya jiji la Nairobi, ambako mabango ya vilabu vilivyo karibu na barabara ya Outering hulitangaza kwa herufi kubwa mwisho wa juma unapokaribia. Walakini huandikwa kwa namna moja na kutamkwa kwa namna nyingine, kwani jicho husoma karaoke na ulimi husema karioki, hata mgeni asiyejua habari aweza kudhani kuwa anaelekezwa Kariokor, mtaa mwingine wa upande huo wa Eastlands ambao jina lake ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Naitakidi kuwa katika hitilafu hii jicho ndilo lenye haki, na kwamba ulimi umepotezwa na njia ambayo neno lilipitia: lilitoka Japani, likavikwa matamshi ya Kiingereza, kisha likatufikia limekwisha kupindwa, ilhali lugha yetu ilikuwa na uwezo wa kulipokea kutoka chemchemi yake pasipo kulibadili hata irabu moja.

Katika Kijapani neno hili limeungwa kwa vipande viwili. Cha kwanza, kara, maana yake ni tupu, na ndicho kile kile kilichomo katika karate, yaani mkono mtupu, neno ambalo watoto wetu wanaofundishwa mchezo huo hulitaja bila ya taabu yoyote. Cha pili, oke, ni kifupisho cha okesutora, ambayo ni namna Wajapani walivyolitamka neno la Kizungu, lenye asili ya Kiyunani, litajalo jamii kubwa ya wapigaji wa ala. Basi Wajapani wenyewe waliazima nusu na nusu wakaitoa katika hazina yao, wakakata kilichokuwa kirefu, wakaunga, kisha wakazoea kuliandika neno zima kwa katakana, hati wanayoitumia aghalabu kwa maneno ya kigeni. Wako waungwana miongoni mwetu wanaoona haya kila neno geni linapobisha hodi katika Kiswahili, kana kwamba kuazima ni alama ya ufukara. Hao nawasihi wamtazame Mjapani, ambaye hakuona haya, na neno lake la kuunga leo latumika katika kila bara.

Chombo chenyewe kilizaliwa kwa sababu ya hamu ya wanaume kuimba. Katika mji wa Kobe alikuwako mpiga muziki jina lake Inoue Daisuke, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafuatisha kwa kinanda wateja wa vilabu, watu wa biashara na wa afisini waliokuja jioni kupumzisha nafsi, na ambao sauti zao hazikuwa za kuaminika wala hawakujua kushika mwendo wa wimbo. Mteja mmoja alimwomba wafuatane katika safari ya kampuni yake. Inoue, asiyeweza kwenda, akamrekodia nyimbo katika utepe kwa mwendo na kimo kilichoelekea sauti yake, na huyo bwana akaimba mbele ya wenzake akafurahi. Mwaka 1971 Inoue akaundisha mashine 11 za kupokea sarafu ya yeni 100, akazikodisha kwa vilabu vya Kobe. Kwa insafu ni lazima kusema kuwa katika Tokyo mtu mwingine, Negishi Shigeichi, alikuwa amekwisha kuunda chombo cha namna hiyo mwaka 1967. Inoue hakujiandikishia hataza ya uvumbuzi wake, na mali nyingi iliyotokana nao ikaenda mikononi mwa wengine. Katikati ya miaka ya 1980, huko Okayama, kontena la mizigo likageuzwa kuwa chumba cha kuimbia, jambo ambalo mkazi wa Eastlands, aliyezoea kuona makontena yakiwa duka, kinyozi na mkahawa, atalifahamu upesi kuliko mtu mwingine. Na tangu mwaka 1992 nyimbo zikaanza kupelekwa vilabuni kwa nyaya za simu, ikawa hapana haja tena ya kurundika sahani na tepu.

Sasa yatupasa kuuliza, utupu unaotajwa katika neno hili ni utupu wa kitu gani? Yaweza kufahamika kwamba mahali pa wapigaji ndipo patupu, maana muziki wasikika na watu wake hawapo. Na yaweza kufahamika pia kwamba wimbo ndio mtupu, maana umeachiwa nafasi ya sauti ambayo mwenyewe hajafika. Kwa maana hii ya pili, yaani muziki uliorekodiwa bila ya mwimbaji, nashauri tutumie ala tupu, na sababu yangu ni kwamba neno tupu katika Kiswahili hubeba fahamu mbili kwa pamoja: mtungi mtupu ni usio na kitu ndani, na kweli tupu ni isiyochanganyika na kitu kingine. Ala tupu, basi, ni ala zisizo na sauti ya mtu, na vilevile ni ala wala si kitu kingine. Katika makanisa ya Nairobi waimbaji wanaoingia madhabahuni bila ya bendi huiita biti, na neno hilo ni jepesi, lakini biti ni pia pigo la ngoma, na pia ni utungo wa mtayarishaji kabla haujapata maneno; Tanzania husikika pleibeki, na humo aghalabu sauti ya mwimbaji nayo imo, midomo ikifuata tu. Istilahi ambayo yataja vitu vitatu haijawa istilahi.

Hata hivyo, ala tupu haiwezi kushika mahali pa karaoke, na hapa ndipo wafasiri wengi hukosea kwa kutaka neno moja libebe mzigo wote. Karaoke ni ala tupu pamoja na kioo ambacho maneno yake hugeuka rangi kadiri wimbo unavyokwenda, pamoja na kipaza sauti kinachotoka mkono hadi mkono, na wasikilizaji ambao kila mmoja angojea zamu yake. Kijana wa Fedha hawezi kumwambia mwenzake, “Twende ala tupu,” akafahamika. Lakini fundi wa mitambo aweza kuulizwa kama anayo ala tupu ya wimbo wa Fadhili William, na atajua anachotakiwa.

Ubaya wa kutaja kitu kwa jina lisilokihusu waonekana dhahiri katika wimbo wa mwimbaji Sakamoto Kyu, ambao kwa Kijapani jina lake lataja kutembea huku umeinua uso. Ulitolewa mwaka 1961, na ulipofika Magharibi wauzaji waliliona jina lake gumu, wakauita Sukiyaki, ambacho ni chakula cha nyama kipikwacho katika sufuria mezani. Na kwa jina hilo la chakula wimbo wa huzuni ukashika nafasi ya kwanza Marekani mwezi wa Juni 1963. Tukiliacha jina, mwanamume wa Nairobi atakaye kujaribu wimbo wa Kijapani hana mlango mwema kuliko huo, kwa sababu mwendo wake ni wa taratibu na maneno yake yanaachana. Vijana waliokulia mbele ya katuni ya Naruto watapenda zaidi wimbo wa Silhouette wa bendi ya KANA-BOON, na hao nawatahadharisha, pamoja na wapenzi wa bendi za Spitz na Official Hige Dandism, kwamba waimbaji wanaume wa Japani wa siku hizi hupanda juu sana, mahali ambapo hata mwimbaji wa tenor wa kwaya hukaza shingo. Mwenye besi na asione aibu kumwomba fundi ashushe nusu toni tatu au nne, maana mashine iliwekewa uwezo huo kwa ajili yake.

Katika matamshi sisi tumejaliwa. Kijapani kina irabu tano kama zetu, a, e, i, o, u, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, hata Mswahili akiandikiwa maneno kwa herufi za Kirumi huyasoma kwa usahihi ambao Mwingereza huutafuta kwa jasho. La kuangalia ni irabu ndefu na konsonanti zinazokazwa, kwani hizo hugeuza maana. Na watu wa pwani walikwisha kuuthibitisha ujamaa huu wa sauti zamani. Mwaka 1912, katika mji wa Nagoya, Morita Goro aliunda ala ya nyuzi yenye vibonyezo kama vya taipureta, ikaitwa taishogoto. Ala hiyo ikavuka bahari ikaingia katika taarabu ya Mombasa, ikasikika katika nyimbo za Zuhura Swaleh, na wapigaji wakaiita taishokoto, jina la Kijapani lililolainika kidogo kinywani, pasipo kusubiri fasiri.

Karaoke nayo ipewe heshima hiyo hiyo. Iwekwe katika ngeli ya i-zi, isemwe karaoke imeanza na karaoke zimefungwa. Isitungiwe kitenzi, maana kuimba karaoke kwatosha. Na mkazo uangukie silabi ya o, iliyo ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo ada ya maneno yetu.