Kivuli cha Kifuani

Kabla ya mwaka wa 1895 hapakuwa na daktari awezaye kuona ndani ya kifua cha mtu aliye hai. Alikuwa na vidole vyake vya kugongea na masikio yake ya kusikilizia. Mwaka wa 1816 Laennec, daktari Mfaransa, alibuni chombo cha kusikilizia kifua, na tangu hapo madaktari wakajifunza kuitambua nimonia, yaani kichomi, kwa mikwaruzo isikikayo mgonjwa avutapo pumzi. Elimu hiyo ilikuwa kubwa. Walakini sikio nalo lina mpaka wake.

Tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Röntgen, profesa wa fizikia katika mji wa Würzburg, Ujerumani, aligundua mionzi ya eksirei, ipenyayo nyama na kuzuiwa na mifupa. Pafu lenye hewa huipitisha kwa wepesi, likaonekana jeusi katika picha. Pafu lililojaa majimaji au usaha huizuia, nayo picha huonyesha doa jeupe. Doa hilo madaktari huliita kivuli.

Mwaka wa 1938 daktari Hobart Reimann, wa Philadelphia katika Marekani, aliandika habari za wagonjwa kadhaa. Nimonia yao haikufanana na ile iliyozoeleka. Bakteria wa kawaida hawakuonekana kuwa ndio chanzo, basi akakisia kwamba ugonjwa huo huletwa na kirusi, kitu kidogo mno kipitacho hata katika kichujio kinachowazuia bakteria.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, vijana maelfu kwa maelfu walikusanywa kambini, wakalala bega kwa bega na kuambukizana kwa kikohozi. Ugonjwa ule ukaonekana sana miongoni mwao. Kijana alikuwa na homa, maumivu ya kichwa na kikohozi kikavu. Mara nyingi daktari alisikiliza kifua asisikie neno kubwa. Lakini picha ya eksirei ilipotolewa, kivuli kilikuwapo, tena pengine kipana. Bila picha, wengi wangalidhaniwa kuwa na mafua tu. Penisilini haikuwafaa kitu, na jambo hilo likazidi kuwasadikisha watu kwamba hiyo ni nimonia ya virusi.

Lakini je, hayo yalikuwa kweli? Mwaka wa 1944 Monroe Eaton na wenzake walikipata kisababishi cha ugonjwa, nacho kilipita katika kichujio kama kirusi kipitavyo. Ikapita miaka 18. Mwaka wa 1962 Robert Chanock, Leonard Hayflick na Michael Barile waliweza kukiotesha katika chakula kilichotengenezwa maabara, pasipo chembe hai yoyote. Hapo siri ikafichuka, kwa maana kirusi hakiwezi kuzaana nje ya chembe hai. Kumbe kilikuwa bakteria mdogo kupindukia, asiye na ukuta wa kumzunguka. Penisilini huua kwa kuharibu ujenzi wa ukuta huo. Asiye na ukuta itamwezaje? Lakini dawa nyingine, kama tetrasaiklini, humweza. Mwaka wa 1963 akapewa jina la Mycoplasma pneumoniae.

Isidhaniwe kwamba nimonia ya virusi haikuwako. Virusi vya homa ya mafua huileta, na vile viitwavyo adenovirusi, vilivyogunduliwa mwaka wa 1953, viliwasumbua sana askari wapya kambini. Tatizo ni kwamba vivuli vya magonjwa hayo hufanana. Picha huonyesha mahali ugonjwa ulipo na upana wake, lakini haitaji jina la aliyeuleta.

Swali hilohilo lilirudi mwaka wa 2020, katika jimbo la Hubei nchini China, ugonjwa wa Korona ulipozuka. Vipimo vya maabara havikutosha. Mashine za siti skani, ambazo hupiga picha za kifua tabaka kwa tabaka, zilionyesha ukungu katika mapafu ya wagonjwa, wazee kwa vijana. Katikati ya Februari serikali ya jimbo iliamua kuwahesabu pia wale waliotambuliwa kwa dalili na picha, na wagonjwa zaidi ya 13,000 wakaongezwa katika taarifa ya siku moja. Njia hiyo iliwafikisha wengi kwenye matibabu upesi. Hata hivyo ukungu kama huo huweza kuletwa na virusi vingine, na wiki iliyofuata hesabu hiyo ikaachwa.

Nanyi wanafunzi, huenda baadhi yenu mkawa madaktari. Siku mtakapokiona kivuli katika picha, kishukuruni, kwa kuwa kimefichua ambalo sikio lisingalisikia. Kisha kitafuteni kisababishi chake maabara, maana dawa hufuata jina la ugonjwa, na vijana wengi wa zamani zile walipewa dawa isiyowafaa kwa sababu jina hilo lilikuwa bado halijajulikana.