Wanga, Kongo na Amiloidi: Historia ya Majina Yaliyopotoka

Istilahi nyingi huingia katika lugha yetu zikiwa zimebeba makosa ya kale ya lugha zilikotoka. Mfasiri asiyeijua historia ya neno huweza kuyafasiri makosa hayo kwa ufasaha mkubwa. Mfano mmoja ni jina la ugonjwa wa amiloidosisi.

Mwaka 1854 tabibu Mjerumani Rudolf Virchow alizipima tishu za mwili wa binadamu kwa ayodini na asidi ya salfuriki. Alipoona rangi inageuka kama igeukavyo kwenye wanga, aliita kitu alichokiona amiloidi, yaani mfano wa wanga. Mwaka 1859 Nikolaus Friedreich na August Kekulé walionyesha kwamba kitu hicho si wanga, bali ni cha jamii ya protini. Hata hivyo jina lilikwisha kuzoeleka, likabaki.

Jina la pili nalo lina mkasa wake. Rangi itumikayo kuuthibitisha ugonjwa huu huitwa rangi nyekundu ya Kongo. Aliyeitengeneza ni Paul Böttiger, huko Ujerumani, mwaka 1883. Kampuni ya AGFA ikaanza kuiuza mwaka 1885, wakati Mkutano wa Berlin ulipokuwa umelivumisha jina la Kongo. Ndani yake hamna chochote kilichotoka Kongo. Mwaka 1922 Hans Bennhold alionyesha kuwa rangi hiyo hushika kwenye amiloidi. Hadi leo kipande kidogo cha tishu ya mgonjwa hutiwa rangi hiyo, kikatazamwa kwa hadubini yenye nuru maalumu. Amiloidi ikiwamo, hung'aa kijani kama tofaa.

Je, haya yanamhusu nini mganga wa zahanati ya Katumba, huko Mpanda? Yanamhusu sana. Katumba ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972, na wengi wao walipata uraia wa Tanzania. Wazee wao walilelewa kwa Kirundi. Kiswahili ni lugha waliyoikuta shuleni na hospitalini. Nao kifua kikuu na ukoma, magonjwa ambayo Tanzania iliyaundia mpango wa taifa mwaka 1977, yakikaa mwilini muda mrefu bila tiba huweza kuzaa amiloidosisi. Miguu huvimba, protini huonekana katika mkojo, ini na wengu huweza kukua. Lakini dalili hizo huletwa na magonjwa mengine pia. Ndiyo sababu ya kupima tishu.

Sasa mgonjwa aambiwe nini? Tukifasiri sisisi na kusema "ugonjwa wa wanga", atasikia mambo mawili. Kwanza, kwamba aache ugali na muhogo, ilhali vyakula hivyo havina hatia. Pili, wanga ni wingi wa mwanga, yaani mchawi. Basi atamtilia shaka jirani yake badala ya kumaliza dawa zake.

Kwa hiyo tunapendekeza vitabu vitumie amiloidi na amiloidosisi, na mgonjwa aelezwe kuwa ni protini iliyojikusanya viungoni. Jina la rangi libaki, ila mwalimu alieleze. Neno la kigeni lisiloeleweka mara moja huulizwa maana yake. Neno la kwetu lililokosewa huaminiwa papo hapo.