Watu wa Nyuma Katika Picha za Sinema

Leo tuna somo la historia. Tandale, mnanisikia? Nawataja ninyi kwanza kwa sababu somo hili limetoka kwenu.

Juma lililopita nilitembelea darasa lenu. Mama mmoja alitusimulia kwamba siku moja watengenezaji wa muvi walifika mtaani kwao, wakataka watu wa kukaa kwenye turubai la msiba. Naye akaenda. Alikaa mkekani tangu asubuhi hadi alasiri. Walilia, wakaambiwa wanyamaze, kisha wakaambiwa walie tena. Mara ya tano machozi yaligoma. Mwisho akapewa sahani ya wali na nauli, ingawa hakupanda gari. Muvi ilipotoka, watoto wake walimtafuta sana, wakaona mgongo wa khanga yake tu. Tulicheka wote. Lakini yeye mwenyewe akauliza: "Mwalimu, mbona hawakutuambia marehemu ni nani?"

Swali hilo ni la zamani kuliko mama huyo. Leo tutatazama historia yake.

Mtu wa namna hii tumwite mtu wa nyuma. (Mwalimu wa darasa, andika ubaoni: MTU WA NYUMA.) Si yeye anayesema maneno ya hadithi. Yeye ni mpita njia, mnunuzi sokoni, askari mmoja katika mia. Kazi yake kubwa ni kungoja. Akiitwa, hutembea kutoka hapa mpaka pale bila kuitazama kamera, kisha hurudi na kutembea tena. Kesho yake lazima avae nguo zile zile, maana katika hadithi bado ni siku ile ile. Hulipwa kwa siku, kama kibarua.

Sasa twende Uingereza, mwaka 1934. Huko palikuwa panatengenezwa picha iitwayo Sanders of the River, iliyotoka mwaka 1935. Hadithi yake ilikuwa ya Nigeria. Msimamizi wa picha, Zoltan Korda, alikuwa amekuja Afrika kupiga picha za ngoma na mitumbwi. Lakini sehemu kubwa ilichezwa Shepperton, karibu na London, ambako kilijengwa kijiji kizima cha Kiafrika. Nyumba zilipatikana. Je, wanakijiji watatoka wapi? Wakatafutwa watu weusi waliokuwa wakiishi Uingereza, wengi wao wafanyakazi wa bandarini.

Miongoni mwao alikuwamo mtu mmoja kutoka Kenya. Alikuwa amefika London kudai haki za Wakikuyu juu ya ardhi yao, naye alikuwa na shida ya fedha. Akavalishwa, akacheza kama mmoja wa machifu. Jina lake halikuandikwa katika orodha ya wachezaji. Mtu huyo alikuwa Jomo Kenyatta, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Kenya mwaka 1963, na Rais mwaka 1964.

Fikirini jambo hili. Picha ile ilisifu utawala wa Waingereza. Sanders, mtawala wa Kizungu, anaonyeshwa kama baba, na Waafrika kama watoto wake. Na katika umati wa watoto hao yumo mtu aliyekuwa akiupinga utawala ule ule! Hata nyota wa picha, mwimbaji Mmarekani mweusi Paul Robeson, alikubali kucheza akidhani mila za Waafrika zingeonyeshwa kwa heshima. Picha ilipokwisha kuunganishwa, alikasirika na baadaye akaikana. Ikiwa nyota mwenyewe hakujua hadithi itaishia wapi, mtu wa nyuma angejuaje? Yeye huona kipande chake tu. Anayeunganisha vipande ndiye anayeijua hadithi yote.

Turudi nyumbani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Mwingereza mmoja, Notcutt, na wenzake walitengeneza picha 35 za kuwafundisha Waafrika mambo kama afya na kilimo. Fedha zilitoka kwa Shirika la Carnegie la Marekani. Wachezaji walikuwa watu wa huko huko, si watu wa sinema. Picha zenyewe zilikuwa bubu. Maneno yalitiwa kwenye santuri kando, kwa lugha mbalimbali, kisha picha zikapelekwa Kenya, Uganda na kwingineko. Hivyo mtu wa Usambara aliweza kusikika akisema lugha asiyoijua. Mimi hunichekesha hilo, lakini pia hunitia huzuni kidogo: sura ni yake, maneno ya mwingine.

Baada ya vita wakaja Wamarekani na magari yao mengi. Picha ya King Solomon's Mines, iliyotoka mwaka 1950, ilipigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Safari hii Mtutsi mmoja, Siriaque, alipata sehemu kubwa, na jina lake likaandikwa. Lakini umati wa watu walioonekana katika picha ile haukutajwa. Tena kuna jambo la ajabu. Mwaka 1959 kampuni ile ile ilitoa picha nyingine, Watusi, na vipande vya picha ya kwanza vikatumiwa tena ndani yake. Kibarua anayelima shamba hawezi kulima siku moja kisha jembe lake likaendelea kulima peke yake miaka kumi. Mtu wa nyuma huweza.

Nchini kwetu pia wapo waliosimama mbele. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashidi Kawawa alikuwa mchezaji mkuu wa Muhogo Mchungu, picha ya Kiswahili. Mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Jina la Kawawa tunalijua. Waliopita nyuma yake je?

Muda wetu umekwisha. Mwalimu wa darasa, zima redio baada ya maswali haya, na kila mwanafunzi aandike katika daftari lake.

Kwanza: Kenyatta alicheza kama nani?

Pili: Kwa nini Robeson alikasirika?

Tatu: Wewe ukiitwa kukaa msibani katika muvi, utauliza nini kabla ya kukaa? Andika maswali mawili. Mama wa Tandale aandike moja tu, la pili ameshatupa.