Wanawake wa Karelia na kolesteroli ya mkoa mzima



Mabibi harusi wengi siku hizi wanapima afya kabla ya ndoa, na baadhi yenu mnarudi na karatasi inayosema kolesteroli, au lehemu kama wengine wanavyoiita, iko juu. Swali la kwanza huwa kama inaweza kushuka bila vidonge. Leo sitawapa orodha ya majani na mizizi. Nataka niwape historia, kwa sababu kuna mkoa ulioanza kuishusha miaka 15 kabla dawa za statini hazijaanza kuuzwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika kwenye masufuria ya akina mama.

Mkoa wenyewe ni Karelia Kaskazini, mashariki mwa Finland, mpakani na Urusi. Ni nchi ya misitu na baridi kali, na wakati huo ilikuwa na watu wapatao 180,000. Wanaume wake walikata magogo na kufuga ng'ombe wa maziwa. Walikuwa watu wa kazi ngumu. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1960 wanaume wa Finland walikuwa wakifa kwa maradhi ya moyo kuliko wa nchi nyingine zilizokuwa na takwimu, na ndani ya Finland penyewe Karelia Kaskazini ndiyo iliyoongoza. Wengi walianguka wakiwa na miaka 40 au 50, shambani au msituni, na waliobaki na watoto wadogo na ng'ombe wa kukamua ni wake zao.

Mwaka 1971 viongozi wa mkoa waliandika ombi rasmi kwa serikali wakitaka msaada. Mwaka uliofuata mradi ukaanza, chini ya daktari kijana ambaye hakuwa hata na miaka 30, Pekka Puska. Walipima damu za watu na kukuta wastani wa kolesteroli unakaribia milimoli 7 kwa lita, kwa wanaume na kwa wanawake pia. Leo daktari huanza kukuonya ukipita 5.

Sababu ilionekana mezani. Karibu watu 9 kati ya 10 walipaka siagi kwenye mkate. Maziwa yalinywewa na mafuta yake yote, kahawa ilitiwa krimu, nyama ilipikwa na shahamu yake pamoja na chumvi ya kutosha, na mboga za majani hazikuhesabiwa kuwa chakula cha mwanamume. Msiwacheke. Watu hawa walikuwa wametoka kwenye njaa na vita, na siagi nyingi mezani ilikuwa alama ya neema. Kwetu pilau ya harusi ikiletwa bila mafuta yanayong'aa juu yake, si tunasema wenye shughuli wamebana?

Hapa ndipo wanawake wanapoingia. Finland kulikuwa na chama cha akina mama wa nyumbani kiitwacho Martha, kilichoanzishwa 1899, chenye matawi hadi vijijini. Puska na wenzake waliona haraka kwamba daktari akisimama na kuhutubia watu hawabadiliki, lakini jirani akipika na wewe ukaonja, unaweza kubadilika. Basi akina mama wa Martha wakaandaa mikusanyiko ya jioni waliyoiita sherehe za maisha marefu. Mtu wa mradi alizungumza kwa ufupi, kisha watu wakala. Mamia ya jioni kama hizo zilifanyika mkoani.

Hawakuleta chakula kigeni. Walichukua mchuzi wa asili wa Karelia, ambao ulikuwa nyama ya mafuta, maji na chumvi (nyama yenyewe ilikuwa na nguruwe, kwa hiyo mapishi hayo sisi hatuyahitaji), wakapunguza nyama na kuongeza karoti, viazi na mizizi mingine. Jina la chakula likabaki lilelile. Hapo ndipo naona akili yao. Mume hakuambiwa kwamba chakula cha mama yake ni kibaya. Aliletewa chakula hichohicho kikiwa na mboga ndani yake, akala.

Si wote waliofurahi. Mkoa uliishi kwa maziwa na siagi, na kumwambia mfugaji wa ng'ombe kwamba siagi inaua ni kumgusa riziki yake. Wenye viwanda vya maziwa walipinga kwa nguvu. Jibu halikuwa hotuba tu. Taratibu bei ya maziwa ikaacha kumlipa mfugaji kwa wingi wa mafuta, na kuanzia miaka ya 1980 wafugaji wakasaidiwa kulima matunda madogo ya porini na bustani ambayo hali ya hewa ya kule inayapenda. Mafuta ya mbegu yanayoota nchini humo yakaanza kushika nafasi ya siagi. Baadaye vijiji vikawa vinashindana kupunguza wastani wa kolesteroli, kama sisi tunavyoshindana kwa timu za mpira.

Matokeo yake? Siagi kwenye mkate ikawa ya watu wachache. Wastani wa kolesteroli ukashuka mwaka hadi mwaka, na kwa muda mrefu ulishuka bila dawa, kwani statini ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Kufikia miaka ya 2000, vifo vya maradhi ya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya 80%. Wako wanaosema sifa zote zisipewe mradi, maana wanaume pia waliacha sigara, shinikizo la damu likatibiwa, na mikoa ya jirani nayo ikapata nafuu. Ni hoja ya haki. Lakini mikoa hiyo ilikuwa inasikiliza redio zilezile na kupika mapishi yaleyale mapya.

Kama Finland ni mbali mno, iko Mauritius, kisiwa cha Bahari ya Hindi kama sisi, na watu wake wanakaanga kama sisi. Mwaka 1987 mafuta ya kupikia yaliyosambazwa kwa bei ya serikali yalikuwa kwa sehemu kubwa ya mawese. Serikali ikayabadilisha yakawa ya soya. Wapishi waliendelea na biriani zao na kachori zao. Miaka 5 baadaye, 1992, wastani wa kolesteroli ulikuwa umetoka milimoli 5.5 hadi 4.7. Ila sikilizeni na upande wa pili: unene katika miaka hiyo uliongezeka, na kisukari hakikushuka. Kubadilisha mafuta hakukufuta wingi wa kukaanga.

Kwetu hesabu iko hivi. Mafuta ya nazi yana mafuta mazito, yale yanayopandisha kolesteroli, zaidi ya 80%. Mawese yana karibu nusu. Alizeti ina kama 10% tu. Sisemi tui liharamishwe Unguja na Pemba, nani angenisikiliza? Lakini mchuzi wa vibua unaweza kupikwa kwa tui jepesi, kunde na choroko zikaja mezani mara nyingi zaidi ya nyama, na sinia la fungate likawa na samaki wa kupaka na mboga badala ya vitu vinne vyote vya kukaangwa. Uji wa shayiri pia unasaidia, maana ute wake hupunguza kolesteroli inayoingia kwenye damu.

Sasa jambo la kuchukulia kwa uzito. Historia ya Karelia ni ya wastani wa watu wengi. Mtu mmoja anaweza kuwa tofauti. Ipo kolesteroli ya kurithi, ambayo mtu hula vizuri tangu utoto na bado iko juu sana. Kama kwenu baba, mama au ndugu amepata mshituko wa moyo akiwa kijana, chakula peke yake hakikutoshi na dawa inaweza kuwa ndiyo inayokulinda. Usiiache kwa sababu ya makala, hata hii. Na wewe bibi harusi unayetumia statini tayari, mwambie daktari kwamba unaolewa na unatarajia watoto kabla hujashika mimba, kwa sababu wengi huambiwa wasimamishe dawa hizo wakati wa ujauzito. Kolesteroli yenyewe hupanda kwa kawaida mimba ikikua, kwa hiyo kipimo cha miezi hiyo kisikutishe.

Ukienda dukani wiki hii, geuza dumu la mafuta usome yametokana na nini. Mengi yameandikwa "mafuta ya kula" kwa herufi kubwa mbele, na neno mawese liko nyuma, kwa herufi ndogo.