Chemshabongo ya Waingereza: Hivi ndivyo vidokezo vyake vinavyokudanganya

Ukikuta chemshabongo ya miraba kwenye gazeti la Uingereza na vidokezo vyake havieleweki kabisa, usidhani Kiingereza chako ni kibovu. Vimetungwa makusudi vikupoteze. Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, aliupa umaarufu mtindo huu kwenye The Observer kuanzia 1926.

Siri yake: maana ya jibu hukaa mwanzoni au mwishoni mwa kidokezo. Maneno mengine yanakuonyesha namna ya kuliunda jibu hilohilo kwa herufi.

Tumetunga mfano wa Kiswahili: “Samaki tisa wameficha pa kukalia (4).” Sahau samaki. “Wameficha” inakuambia uchungulie ndani: samaKI TIsa. Pa kukalia ni wapi? Kiti. Hiyo 4 ni idadi ya herufi.

Mwingine: “Mali imevurugika, shika jembe (4).” Panga upya herufi za mali, unapata lima. Ukiona kitu kimevunjika, kimelewa au kimechanganyikiwa, shuku mchezo huu.

Ubishi sasa uko kwenye haki. D. S. Macnutt, maarufu kama Ximenes, alitoa kitabu 1966 akishikilia kwamba mtunzi anaruhusiwa kukupoteza, ila kila neno liwe na kazi yake. Araucaria wa The Guardian alijiachia zaidi, na mashabiki walimpenda hivyohivyo.

Hiki tunakuachia: “Aibu ikirudi nyuma huleta ushirika wa biashara (4).” Hapo huvurugi kitu, unasoma tu kutoka kulia.