Mfuatano wa Hadithi za Bwana Msa, 1960–1984

Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alikuwa mkaguzi katika Idara ya Afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Kazi ya kwanza, pengine, haikuwa maandalizi mabaya kwa mtunzi wa hadithi za upelelezi. Kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda shindano la East African Literature Bureau la 1957–58, kilipigwa chapa mwaka 1960. Humo ndimo alimotokea Bwana Msa, mpelelezi asiye na ofisi wala cheo, mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni. Kwamba wawili hawa wametokana na Sherlock Holmes na Watson ni jambo lisilofichika, wala si kubwa. Kubwa ni jinsi vitabu vilivyofuata vilivyowatumia.

Kisima cha Giningi kilitoka mwaka 1968, baada ya miaka 8. Katika kimya hicho Mapinduzi ya Januari 1964 yalikuwa yamekwisha kuigeuza Unguja, na Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, cha 1965, kilikuwa kimewapa wasomaji upelelezi wa namna nyingine, ule wa polisi. Mtu angetazamia Bwana Msa arudi katika Unguja mpya. Hakurudi huko, aliendelea kukaa katika ile ya zamani, ya mashamba, mabwana na watumishi.

Wako waliouona huo kuwa upungufu. Lakini kilichobadilika ni swali lenyewe. Katika kitabu cha kwanza huulizwa ni nani aliyeua, na kabla ya kumtafuta muuaji hapana budi kwanza kuiondoa hofu ya mzimu. Giningi nayo, katika imani za Waunguja, ni makao ya wachawi. Katika vitabu vya baadaye, Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976), siri aghalabu ni ya ndoa na nasaba: nani mwana wa nani, na kwa nini alifichwa. Mahali ambapo jina na urithi hufuata baba, swali hilo ni zito kuliko la kisu. Na baada ya 1964, kuulizana asili hakukuwa mchezo. Mwenye lugha ataona pia kwamba neno hulewa huweza kutokana na kulea, na huweza kutokana na ulevi. Utata huo hauonekani kuwa wa bahati.

Kikafuata kimya kingine cha miaka 8, hata kikatoka Kosa la Bwana Msa, mwaka 1984. Ndicho kitabu pekee katika mfuatano huo kilichobeba jina la mpelelezi juu ya jalada, nalo limefungamanishwa na kosa. Mtunzi alifariki mwaka 1991.