Mwanafunzi mwenye ulemavu na mkopo wa chuo kikuu: fomu moja usiyopaswa kuikosa

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wasikilizaji hutuuliza: kijana wangu ana ulemavu, amefaulu, je, Serikali itamsomesha?

Jibu fupi ni kwamba anaweza kupata mkopo, na ulemavu wake ni miongoni mwa mambo yanayozingatiwa. Lakini ni lazima ulemavu huo uthibitishwe kwa maandishi.

Nani anatoa mkopo?

Ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Mkopo unaweza kugusa ada, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Kiasi hutegemea hali ya mwombaji, hivyo si kila mtu hupata vyote.

Kwa nini uthibitisho ni muhimu?

Maombi hufanyika kwa mtandao. Anayeyapitia hakuoni ukitembea kwa magongo wala hajui kwamba husikii. Anasoma ulichojaza na ulichoambatisha tu. Usipoweka uthibitisho, utapimwa kama mwombaji asiye na ulemavu.

Uthibitisho huo ni fomu ya ulemavu inayosainiwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Cheti cha zahanati ya kijiji hakichukui nafasi yake. Kwa anayeishi mbali na makao makuu ya wilaya, safari hiyo ni nauli na siku nzima, pengine mbili ikiwa mganga hayupo. Usingoje wiki ya mwisho.

Je, kama mwenye ulemavu ni mzazi?

Hapa wengi hupitwa. Fomu hiyo inamhusu pia mwombaji ambaye mzazi wake ana ulemavu. Kama baba haoni au mama hawezi kutembea, hilo nalo lithibitishwe na liambatishwe.

Viambatisho vingine

• Cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, au mamlaka husika kwa waliozaliwa Zanzibar.
• Cheti cha kifo kilichohakikiwa, kwa aliyefiwa na mzazi.
• Namba ya kaya, kama familia ipo kwenye mpango wa TASAF.
• Sahihi ya kiongozi wa kijiji au mtaa, ya mdhamini, na ya hakimu au wakili.

Majina yafanane kwenye vyeti vyote. Ukijaziwa fomu steshenari, usimwachie mtu kila kitu. Kaa naye, na kama huoni, nenda na mtu unayemwamini akusomee kila kipengele kabla ya kutuma. Nenosiri libaki kwako.

Ni msaada au deni?

Ni deni, hata kwa mwenye ulemavu. Ukiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021.

Usichanganye mkopo huu na ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu. Hiyo ni mikopo ya biashara na uzalishaji, si ya ada.

Ukikosa au ukipata kidogo

Soma tangazo la rufaa kwenye tovuti ya Bodi. Kama fomu ya ulemavu ilisahaulika, rufaa ndiyo nafasi ya kuiweka. Pia mwone mshauri wa wanafunzi chuoni mapema, kwa sababu fimbo nyeupe, vifaa vya kusikia au mkalimani wa lugha ya alama ni mahitaji ambayo mkopo wa chakula na ada haukuyapigia hesabu.

Kwa mzazi anayesoma hapa: kama mwanao yuko kidato cha sita sasa, ulizia fomu hiyo mwaka huu, kabla mlango wa maombi haujafunguliwa.